Mzizi Hautafuti Bomba

Chemba ya majitaka inapofurika na fundi akachomoa humo fundo la vimizizi, hukumu hutolewa papo hapo: mti ukatwe. Hukumu hiyo ina haraka. Mzizi haunusi maji ya bombani kutoka mbali, wala hautoboi bomba zima. Hukua pale unapokuta unyevu, hewa na udongo uliolegea. Bomba linalovuja kwenye kiungio hulowesha udongo wa pembeni, mizizi ya jirani hustawi hapo, kisha mmoja mwembamba kama uzi hupenya kwenye ufa na kukuta ndani maji na mbolea ya bure. Mabomba ya zamani ya udongo au zege, yaliyoungwa kwa saruji, ndiyo hasa yanayoponzeka hivi. Ukikata mizizi ndani ya bomba bila kuziba ufa, umeipogoa tu, itarudi.

Wengi hudhani mizizi hushuka ardhini kadiri matawi yanavyopanda juu. Sivyo. Sehemu kubwa hukaa ndani ya mita moja ya juu, kwenye oksijeni, na husambaa mbali kupita kivuli cha mti. Chini ya pevingi udongo umeshindiliwa makusudi ili ubebe mzigo, kwa hiyo mzizi hujipenyeza kwenye kinafasi kilichobaki kati ya udongo na tabaka la juu, penye unyevu. Hunenepa kila mwaka, hatimaye pevingi huinuka. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walibuni mchanganyiko wa kokoto na udongo wa kuwekwa chini ya pevingi: kokoto hushikana na kubeba uzito, udongo hubaki kwenye matundu katikati yake, na mizizi hupita humo. Kwetu mkungu hupandwa kwenye kishimo cha ukubwa wa karai, kisha tunaulaumu kwa kutoka nje!

Msingi wa nyumba ni habari nyingine. Kwenye mfinyanzi mweusi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, mti hunyonya maji wakati wa kiangazi, udongo husinyaa na ukuta kupasuka. London iliyaona hayo katika ukame wa 1976. Na ukikata mti mkubwa ghafla, udongo huo huvimba tena na kuinua msingi.

Usiguse mizizi minene iliyo karibu na shina, maana ndiyo inayousimamisha mti. Ikikatwa, upepo unaweza kuuangusha miaka kadhaa baadaye ukiwa bado na majani mabichi. Kabla ya kuita mtu wa panga, mwite fundi bomba akague viungio.