Dalili ya Mvua ni Mawingu: Lugha na Ubashiri wa Usugu wa Bakteria

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Makala haya yanafafanua jinsi madaktari wanavyosoma mawingu ya aina nyingine, yaani dalili kwamba bakteria walioingia katika damu ya mgonjwa ni sugu kwa dawa. Aidha, yanadai kuwa kazi hiyo, japo ni ya kitabibu, inatuhusu sisi wasomi wa Kiswahili.

Bakteria wakivamia damu, mgonjwa hana muda wa kusubiri. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Kilifi kati ya mwaka wa 1998 na 2002 ulionyesha kuwa takriban robo ya vifo vya watoto waliolazwa humo ilitokea miongoni mwa wale wenye maambukizi hayo. Damu huoteshwa maabarani, na aghalabu siku mbili au tatu hupita kabla ya kubainika ni dawa ipi itakayowaua bakteria hao. Kabla ya hapo daktari hukisia. Akitoa kiuavijasumu cha kawaida, kumbe bakteria ni sugu, huenda mgonjwa akafa. Akimpa kila mgonjwa dawa za akiba, kama vile karbapenemu, anawapa bakteria wanaozihimili nafasi ya kusalia na kuzaana, ilhali dawa hizo ni miongoni mwa ngao zetu za mwisho.

Ndipo haja ya ubashiri ilipozuka. Mwaka wa 2016, watafiti wa Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walichapisha mti wa maamuzi uliotokana na wagonjwa 1,288. Miongoni mwao, 194 walikuwa na bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuharibu penisilini na dawa za jamii yake. Mti huo una maswali matano tu. Je, bakteria wa namna hiyo waliwahi kupatikana mwilini mwa mgonjwa? Je, ana kifaa kinachokaa mshipani kwa muda mrefu? Je, ametimiza umri wa miaka 43? Je, amelazwa hivi karibuni katika eneo lenye usugu mwingi? Je, ametumia viuavijasumu kwa siku 6 au zaidi katika miezi sita iliyopita?

Mti uliposema "ndiyo", ulisema kweli takriban mara tisa katika kumi. Hata hivyo, uliwatambua karibu nusu tu ya waliokuwa na bakteria hao sugu. Wengine mvua iliwanyeshea pasipo wingu kuonekana. Isitoshe, mti uliooteshwa Baltimore hauwezi kuhamishiwa Kenya bila kujaribiwa upya.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Jibu la swali la mwisho mara nyingi hutoka kinywani mwa mgonjwa au mlezi wake. Mama aliyemnunulia mwanawe vidonge vya rangi mbili katika duka la dawa, akiulizwa kama mtoto ametumia viuavijasumu, huenda akajibu "la" kwa moyo mweupe. Hakusema uongo, hakulielewa neno. Jibu hilo likiingizwa katika mti, ubashiri unaweza kupotoka.

Vilevile, tumezoea kusema kuwa "mwili umezoea dawa". Kauli hii inapotosha, kwani anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili. Anayeiamini hudhani kwamba dawa azimezazo kiholela zinamhusu yeye peke yake, ilhali bakteria sugu huambukizana kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Wenzetu wa Tanzania wanatumia istilahi "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", kwa kifupi UVIDA, ambayo inauweka usugu mahali pake.

Ni dhahiri basi kuwa kuunda istilahi hakutoshi. Sharti zipimwe zahanatini na sokoni. Yamkini swali lililo bora ni hili: "Mama, mtoto alimeza dawa gani kabla ya kuja hapa? Je, unayo pakiti yake?" Maneno hayo mepesi yanaweza kuwa wingu ambalo daktari alikuwa akilitafuta.