Taa kali si taa nzuri, ndugu dereva

Anayeendesha usiku kati ya Mariakani na Voi anazijua taa nyeupe za malori. Zikikukabili, barabara yote hupotea, na mwenye baiskeli aliye kando ya lami humwoni kabisa. Dereva wa lori simlaumu sana. Balbu zake zilimulika kama kibatari, akashauriwa dukani atie LED.

Lakini kioo cha ndani ya taa kilitengenezwa kufuata uzi mdogo wa balbu ya halojeni. Ukitia LED, mwanga hauanzii pale pale, basi hutawanyika ukaingia machoni mwa wenzio. Wewe utaona lami ya karibu imeng'ara. Kule mbali anakovuka punda, huenda usione zaidi.

Mimi ningeanza kwa fundi wa umeme. Injini ikiwaka, betri za lori huonyesha volti kama 28. Balbu ikipata 24 tu, zilizobaki zimeliwa na nyaya nyembamba na viungo vyenye kutu. Rilei na waya mnene hurudisha mwanga. Kioo cha nje kikififia, kisuguliwe. Ukinunua taa nzima, iwe ya nchi zinazoendesha kushoto. Ile ya kulia humwinulia mwanga anayekuja.

Kisha lenga taa lori likiwa na shehena, maana mzigo wa nyuma huinua pua. Simama mita 10 kutoka ukutani, mstari wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Bisibisi moja yatosha, baada ya Isha.