Hollókő, kijiji kilichozaliwa upya baada ya moto

Mtaa wa zamani wa Hollókő ni mfupi: ukianza kuutembea, punde umeumaliza. Kijiji hiki cha Wapaloc, jamii ya Wahungaria, kimejificha kwenye vilima vya mkoa wa Nógrád, kaskazini mwa Hungaria, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Budapest. Jina lake maana yake ni jiwe la kunguru. Wenyeji husimulia kwamba bwana mmoja alimteka msichana, na kunguru waliotumwa na shetani wakayabeba mawe ya ngome yake, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye mwamba ulio juu ya kijiji. Historia inasema ngome ilijengwa karne ya 13, baada ya Wamongolia kuivamia nchi.

Adui mkubwa wa kijiji alikuwa moto. Nyumba zilikuwa za mbao na paa za nyasi, zimebanana. Moja ikishika, jirani hana pa kukimbilia. Mwaka 1909 kijiji kiliungua tena.

Hapo wanakijiji walifanya jambo la kupendeza mno. Walibadili vifaa, si sura: misingi ya mawe, kuta za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa nyeupe, vigae juu, na baraza ya mbao iliyochongwa ileile ya mababu. Ndiyo maana mwaka 1987 UNESCO ilikitia kwenye Urithi wa Dunia.

Mila nazo zimedumu: Jumatatu ya Pasaka vijana huwamwagia ndoo za maji ya baridi wasichana waliovaa sketi zao za marinda tele.