Kadi ya mkopo ya nchi ya kigeni

Kadi ya mkopo ya nchi ya kigeni ni kadi inayotolewa na benki ya nchi moja kwa mtu aliyetoka, au anayeishi, nchi nyingine. Ni tofauti na kadi ya ATM ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu. Kadi ya ATM hutoa fedha za mwenye akaunti mwenyewe. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki, na mwenye kadi huzirudisha baadaye. Visa na Mastercard huendesha mitandao ya malipo tu, hivyo maombi hupelekwa kwa benki. (Visa hiyo isichanganywe na viza ya kusafiria.)

Kwa nini maombi hukataliwa

Mkopo wa kadi kwa kawaida hauna dhamana, hivyo benki hutaka kujua kwanza jinsi mwombaji alivyolipa madeni yake ya zamani. Habari hizo hutunzwa na kampuni za taarifa za mikopo. Marekani kuna Equifax, Experian na TransUnion; Tanzania ipo Creditinfo, yenye leseni ya Benki Kuu. Kwa kawaida kumbukumbu hizo hazivuki mpaka. Mkulima wa Magoma, kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, anaweza kuwa amelipa mikopo yake miaka kumi bila kuchelewa hata mara moja, lakini mbele ya benki ya Marekani ni sawa na mtu ambaye hajawahi kukopa. Hana alama mbaya. Hana alama yoyote. Wachache wamejaribu kuziba pengo hilo: mwaka 2019 American Express ilianza kupokea kumbukumbu za wahamiaji kutoka nchi kadhaa kupitia kampuni ya Nova Credit, na baadaye Kenya ikaongezwa.

Benki nyingi hudai pia anwani ya makazi na kipato katika nchi husika. Kitambulisho cha NIDA na sanduku la posta la Korogwe havitoshi.

Baada ya kuhamia

Kwa mwanafunzi au mfanyakazi aliyefika Marekani, njia ya kawaida ni kadi yenye amana. Akiweka dola 300, kwa kawaida hupewa kikomo cha dola hizohizo, na amana hurudishwa akifunga akaunti bila deni. Alama ya FICO, inayohesabiwa kati ya 300 na 850, huhitaji takribani miezi sita ya kumbukumbu ili ionekane; asilimia 35 yake hutokana na kulipa kwa wakati. Aliye chini ya miaka 21 hana budi kuonyesha kipato chake au kuwa na mdhamini, kwa sheria ya mwaka 2009. Wageni wengi huumizwa na jambo moja: wakitoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo, riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kwa aliyebaki nyumbani

Anayetaka tu kulipa ada ya maombi ya chuo cha nje hahitaji kadi ya kigeni. TemboCard ya CRDB yenye nembo ya Visa, au kadi ya NMB yenye nembo ya Mastercard, hulipia kwa intaneti baada ya huduma hiyo kuwashwa. Benki zote mbili zina matawi mjini Korogwe. Anayeahidi kadi ya Ulaya kwa kutumiwa kwanza "ada ya usajili" kwa simu, kwa kawaida ni tapeli.