Kompyuta Moja Nyumbani, Kumbukumbu za Kijiji Kizima

Katika vijiji vya Umatengo na vile vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, zipo daftari nyingi zinazobeba haki za watu. Daftari la AMCOS huonyesha nani alipeleka kilo ngapi za kahawa. La VICOBA lina hisa na mikopo. Vitabu vya ubatizo hutafutwa pale mzee anapotakiwa kuthibitisha umri wake. Mchwa hawachagui, na unyevu wa ziwani hugandisha kurasa. Daftari la kahawa likipotea kabla ya malipo ya pili, mkulima aliyepoteza stakabadhi yake hubaki na neno lake tu.

Ndiyo maana katika toleo hili tunapenda kueleza namna katibu au mwalimu anavyoweza kuendesha seva ndogo ya kuhifadhi kumbukumbu nyumbani kwake. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo, kuwasha kompyuta usiku na mchana kwa umeme wa jenereta za dizeli lilikuwa jambo gumu kulifikiria.

Nafasi si tatizo. Ukipiga picha ukurasa wa daftari kwa simu, picha hiyo huchukua kama megabaiti 3. Daftari la kurasa 300 halifiki gigabaiti 1. Diski ya terabaiti 4 hubeba daftari za namna hiyo zaidi ya 4,000.

Kompyuta pepe ni nini?

Fikiria nyumba moja yenye vyumba vitatu, kila chumba na ufunguo wake. Programu iitwayo Proxmox, iliyoanza kutolewa mwaka 2008 huko Austria na ambayo haihitaji kulipiwa leseni, huigawa kompyuta moja ya kweli kuwa kompyuta kadhaa za ndani, zinazoitwa kompyuta pepe. Moja yaweza kutunza mafaili, nyingine ikaendesha hesabu za kikundi, na ya tatu ikawapa watoto Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti kwa kutumia Kiwix. Chumba cha watoto kikiharibika, cha hesabu hakiguswi. Hiyo ndiyo faida kubwa kwa mwenye kompyuta moja tu.

Sasa tuje kwenye diski, maana hapa ndipo wengi hukosea. Mfumo tunaoupendekeza ni ZFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Huo hauandiki juu ya maandishi ya zamani. Huandika mapya mahali pengine kwanza, na yakishakamilika ndipo huyaacha ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unapoteza sentensi ya mwisho, si daftari zima. Tena kila kipande huwekewa alama ya uhakiki. Ukiwa na diski mbili pacha na moja ikaanza kutoa maandishi yaliyooza, mfumo hutambua na kurekebisha kutoka kwa pacha wake. (Diski mbili za terabaiti 4 hukupa nafasi ya terabaiti 4, si 8; muuzaji asikudanganye.)

Watu wengi huweka TrueNAS, programu maarufu ya kuhifadhi inayotumia ZFS, ndani ya kompyuta pepe. Inawezekana, lakini kwa sharti moja: kompyuta hiyo pepe ikabidhiwe kadi nzima inayoshika diski, ili ZFS izione diski zenyewe bila dalali katikati. Dalali anaweza kusema "nimeshaandika" wakati bado hajaandika, na umeme ukikatika hapo, ulinzi wote tuliousifu hauna kazi. Kompyuta nyingi za mezani za mitumba hazina kadi ya pili ya kukabidhi. Kwa hiyo ushauri wetu kwa nyumba za Mbinga ni huu: iache Proxmox yenyewe ishike ZFS, halafu kompyuta pepe ziombe nafasi kutoka kwake. Haina madoido, lakini ina viungo vichache vya kuharibika.

Umeme na radi

Kompyuta ya wati 50 ikiwaka saa 24 hula yuniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya haki yake yote. Kama kikundi kinatumia seva jioni tu, izimwe mchana. Betri ya UPS ni lazima. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Masika, radi za milimani zikianza, chomoa waya ukutani, na waya wa intaneti pia.

Diski pacha zimo katika boksi moja, na mwizi hubeba boksi zima. Kwa hiyo nunueni diski ya tatu ya nje. Kila mwezi nakili kumbukumbu zote, ifungeni kwa nywila, kisha ikakae kijiji kingine. Kikundi cha Mbinga mjini kinaweza kubadilishana diski na kikundi cha Mbamba Bay, kila mmoja akitunza ya mwenzake bila kuweza kuisoma.

Kusoma si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde na azitumie kwa kusudi zilipokusanyiwa. Majina ya wadaiwa wa VICOBA yasionekane na mgeni aliyekuja kuchaji simu.

Mwisho, nywila kuu iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, na ikae kwa mweka hazina. Katibu anaweza kuhama au kufariki, na mfumo uliofungwa vizuri haumfungulii mjane wake wala mwenyekiti. Bahasha ifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, kisha nywila ibadilishwe siku hiyohiyo.