Msomi Akitoka Chuoni: Kazi za Utafiti Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita, wakiulizwa shahada ya udaktari ni ya kazi gani, hujibu kwamba ni ya kumwezesha mtu kuwa mhadhiri. Jibu hilo halishangazi. Msomi wanayemfahamu ni yule aliyeandika kitabu cha kiada, au aliyemfundisha mwalimu wao chuoni, wengine hawaonekani. Lakini nafasi za uhadhiri ni chache katika nchi yoyote ile, na aghalabu wanaohitimu ni wengi kuliko nafasi. Kwa hiyo swali la kazi atakayoifanya mtu aliyefunzwa utafiti, ambaye hatafundisha chuo kikuu, si la nadharia tupu.

Mkoa wa Kigoma ni mahali pazuri pa kulitafutia jibu. Uko mbali na kumbi za mihadhara: kutoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Pamoja na umbali huo, ni sehemu chache za Afrika Mashariki zilizochunguzwa na wanasayansi kwa muda mrefu kama milima na maji ya mwambao huo. Waliofika huko kwa ajili ya tasnifu wengi walirudi makwao. Baadhi yao walibaki, au walirudi tena, na kazi waliyoirudia haikuwa ile waliyoiombea shahada.

Sokwe na Ardhi ya Vijiji

Jane Goodall aliwasili Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa hana shahada yoyote. Katikati ya miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunukia udaktari, na kwa miaka mingi iliyofuata alikuwa mtafiti wa sokwe. Mwaka 1986 alihudhuria mkutano wa wataalamu wa sokwe mjini Chicago, na humo akasikia taarifa moja baada ya nyingine za misitu inayotoweka katika nchi zenye sokwe. Aliingia mkutanoni akiwa mtafiti. Alipotoka alikuwa ameamua kuwa mtetezi wa hifadhi, kazi aliyoishika mpaka alipofariki Oktoba 2025. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo. Hifadhi hiyo, yenye kilomita za mraba zipatazo 35 tu za nchi kavu, aliiona imebaki kama kiraka cha kijani kati ya milima iliyovuliwa miti.

Mwaka 1994 ulianzishwa mradi kwa ajili ya milima hiyo, ukaitwa TACARE. Ulianza katika vijiji 12. Baada ya kuwasikiliza wanavijiji, wenye mradi waligundua kwamba shida zilizotangulizwa ni afya, shule, maji safi na kilimo. Misitu ilikuwa nyuma. Hapo pana jaribio la kwanza la elimu ya utafiti nje ya chuo. Mtu aliyezoea kuandika matokeo kama yalivyo, hata yanapoivunja dhana aliyokuja nayo, ana nafasi nzuri zaidi ya kulipokea jibu la namna hiyo bila kulipinda. Mradi ulibadilishwa ufuate majibu, na miche ya miti ikaenda pamoja na zahanati, visima na kilimo bora.

Baadaye alikuja mtaalamu wa aina nyingine. Lilian Pintea alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na tasnifu yake ilihusu jinsi picha za satelaiti zinavyoweza kuonyesha mabadiliko ya makao ya sokwe. Alilinganisha picha ya mwaka 1972 na ya mwaka 1999. Ndani ya hifadhi msitu ulikuwa umesalia. Nje ya mpaka, katika ardhi ya vijiji, sehemu kubwa ilikuwa imefyekwa.

Yafaa mwalimu wa jiografia au hisabati asimame kidogo hapa, kwani mambo ya picha hizi yanaweza kufundishwa kwa chaki na ubao. Picha ya satelaiti imeundwa kwa miraba midogo, na kila mraba hubeba rangi moja tu. Katika picha za mwaka 1972 mraba mmoja ulifunika ardhi yenye upande wa mita 80 hivi, yaani mita za mraba 6,400, karibu sawa na uwanja wa mpira. Kibanda, mwembe na shamba la mihogo vilivyomo katika eneo hilo vyote huchanganywa vikawa rangi moja. Katika picha za mwaka 1999 upande ulikuwa mita 30, nao mraba ukawa mita 900. Muda mfupi baadaye zikapatikana picha za kibiashara ambazo mraba wake una upande wa mita moja. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba pale palipokuwa na rangi moja mwaka 1972, sasa pana rangi 6,400.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoitoa picha maktabani ikaifikisha kijijini. Kwa tasnifu, picha ya mita 30 ilitosha, kwa sababu swali la tasnifu lilikuwa: msitu umepungua kwa kiasi gani? Wanavijiji hawana haja ya swali hilo. Wanaoishi chini ya mlima uliofyekwa wanaujua upungufu kabla ya satelaiti. Swali lao ni jingine: mpaka wetu na jirani unapita wapi, chemchemi ipi iachwe, mteremko upi usilimwe, na atakayeondolewa humo alime wapi? Picha ya mita moja ilipotandazwa mbele yao, watu waliweza kuitambua nyumba, njia na mti mmoja mmoja. Kuanzia hapo aliyesoma picha hakuwa mtaalamu peke yake.

Yaliyofuata yalikuwa mambo ya sheria kuliko ya sayansi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, lakini mambo makubwa sharti yapite katika mkutano mkuu wa kijiji. Hivyo mtu mwenye shahada ya juu ya ramani hana kura zaidi ya mvuvi wala mkulima. Kazi yake ni kueleza, kujibu, kuchora upya, na kueleza tena. Tena alikuta hofu iliyokuwapo kabla yake, kwamba mazungumzo yoyote ya misitu ni hila ya kuipanua hifadhi ya taifa. Hofu hiyo haiondolewi kwa takwimu. Huondolewa, kama itaondoka, kwa miaka ya kuonekana na kwa ahadi zinazotimizwa. Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 vilivyo jirani na Gombe vilikuwa vimekamilisha mipango ya matumizi ya ardhi, vikatenga misitu ya hifadhi ya vijiji. Wanavijiji waliochaguliwa kuichunguza misitu hiyo walifundishwa kutumia simu zinazorekodi mahali, ili kila kisiki kipya, mtego au kiota cha sokwe kiandikwe pamoja na nukta yake katika ramani.

Hali kama hiyo ilitokea kusini zaidi, katika milima ya Mahale, ambako wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwachunguza sokwe mwaka 1965. Waliokuja kwa sayansi tupu walijikuta wakipima, wakichora na kuandika hoja za kutaka eneo hilo lilindwe, na mwaka 1985 Mahale ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Wasio na Shahada

Kabla ya kuendelea, yapo yaliyotokea Gombe ambayo wasomi hawapendi sana kuyakumbuka. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha waliotoka ng'ambo ya ziwa, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na watu wengi wangetazamia utafiti ufe.

Haukufa. Hilali Matama na wenzake, Watanzania waliokuwa wakiitwa wasaidizi, waliendelea kuwafuata sokwe tangu wanapoamka viotani mpaka wanapolala, wakiandika saa, mahali, chakula na mwenendo wa kila mmoja. Taarifa zao ndefu waliziandika kwa Kiswahili. Mambo mengi ambayo dunia inayajua kuhusu sokwe wa Gombe baada ya mwaka 1975 yamejengwa juu ya karatasi hizo, na wapo watu waliopata udaktari ng'ambo kwa kuzichambua. Subira ya kutazama, uaminifu wa kuandika na ujuzi wa kutofautisha kilichoonekana na kilichodhaniwa ndivyo vitu ambavyo shule za uzamili husema zinavifundisha. Hapa vilikuwapo bila joho. Anayeingia kazini nje ya chuo akidhani kwamba yeye peke yake ndiye aliyebeba stadi za utafiti atapata taabu, na haki yake.

Ziwa na Dagaa

Majini mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hakuna satelaiti inayohesabu dagaa. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kabisa, na katika sehemu kubwa ya kina hicho hakuna oksijeni wala samaki. Uhai umo katika tabaka la juu. Rutuba imelala chini, nayo hupandishwa na pepo za kusi zinazovuma kuanzia Mei mpaka Septemba na kuyachanganya maji. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale baridi, na upepo huhitaji nguvu kubwa zaidi kuyachanganya. Rutuba ikibaki chini, mimea midogo hupungua, wanaoila hupungua, dagaa na migebuka huja mwisho wa mnyororo huo.

Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa Catherine O'Reilly na wenzake, uliokadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi kutokana na joto, na kwamba samaki huenda wamepungua kwa asilimia 30 hivi. Wataalamu wengine wa ziwa hilohilo walibisha, wakasema wingi wa wavuvi na nyavu hauwezi kuachwa nje ya hesabu. Mabishano hayo yanapendeza chuoni. Lakini afisa wa uvuvi hana miaka kumi ya kuyasubiri yaishe. Anatakiwa kushauri msimu huu, akijua kwamba ushahidi alio nao haujakamilika. Huenda hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu aliyelelewa na shahada ya juu, ambako kuchelewa huitwa uangalifu.

Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo chake Kigoma. Miongoni mwa waliokiongoza ni Ismael Kimirei, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi nzima. Udaktari wake aliupata katika Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, mwaka 2012, kwa kuchunguza samaki wa baharini wanavyokulia katika mikoko na majani ya bahari. Kigoma hakuna mkoko hata mmoja. Lakini namna ya kuchukua sampuli, ya kupima umri na chakula cha samaki, na ya kuuliza kama tofauti iliyoonekana ni ya kweli au ni ya bahati tu, haibadiliki maji yawe ya chumvi au baridi. Anayeajiri mtaalamu kwa kutazama kichwa cha tasnifu pekee angempita.

Kisha yakaja maamuzi. Kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu si neno dogo kwa wanaoishi kwa dagaa: mwenye mtumbwi, anayewasha taa usiku, mwanamke anayeanika kwenye mchanga wa Kibirizi au Katonga, na mchuuzi anayengoja magunia stesheni. Watu hao wana haki ya kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa nini wangoje, na kuelezwa pia jambo ambalo bado wataalamu hawana hakika nalo.

Baada ya ziwa kufunguliwa ilibaki kazi isiyo na fahari, nayo ni ya kuhesabu. Kama kufunga ziwa kunasaidia, itajulikana kwa kulinganisha mavuno ya miezi ileile, mialo ileile na aina ileile ya zana, kabla na baada, huku ikizingatiwa mitumbwi mingapi ilitoka na kwa usiku mingapi. Mtumbwi mmoja ukileta kilo 200 kwa usiku mmoja, na mwingine ukileta kilo 300 kwa usiku mitatu, ni wa kwanza uliovua vizuri zaidi, ingawa mizani ya mwaloni itasema vingine. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili wa Ujiji, akiwa na daftari, penseli na ruhusa ya wavuvi.