Simbakubwa alikuwa na kilo ngapi?

Anayechimba kisima Kanduyi asitarajie mfupa wa dinosaria. Miamba iliyo chini ya Bungoma iliganda kabla mnyama yeyote hajakanyaga nchi kavu, na Mlima Elgon ukalipuka mamilioni ya miaka baada ya dinosaria kutoweka. Walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakabaki ndege tu, kuku wetu wakiwemo. Hata hivyo magharibi mwa Kenya tuna jitu letu, na ningependa kila mwanafunzi alijue kabla ya yale ya sinema.

Jina lake la kisayansi ni la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika. Taya, meno na mifupa yake michache vilichimbuliwa Meswa Bridge, karibu na Muhoroni, vikakaa miongo kadhaa katika droo za makumbusho jijini Nairobi hadi mtafiti Matthew Borths alipoviona. Yeye na Nancy Stevens walimtangaza mwaka 2019. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Hakuwa simba wala fisi. Ukoo wake wote ulikwisha bila kuacha kizazi.

Uzito je? Habari zilizoenea zilitaja kilo 1,500, kumpita dubu wa barafuni. Tuulize hesabu hiyo ilitoka wapi. Mnyama wa miguu minne hukadiriwa vyema kwa unene wa mfupa wa paja na ule wa juu wa mguu wa mbele, maana ndiyo iliyoubeba mwili. Ya Simbakubwa haikupatikana. Watafiti walipima meno, wakalinganisha na wanyama walao nyama wa leo. Kanuni moja inatoa kilo 280 hivi, kama simba dume mzito sana. Nyingine inapita 1,500. Wanyama wa ukoo huu walikuwa na vichwa vikubwa kuliko miili yao ilivyostahili, kwa hiyo jino peke yake hupotosha.

Hata mifupa ikiwa mingi, shaka haiishi. Kutoka Tendaguru, Lindi, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913 kwa jasho la mamia ya wenyeji wakiongozwa na Boheti bin Amrani, dinosaria Giraffatitan amesimamishwa Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kiunzi hicho kimeunganishwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa. Makadirio ya uzito wake yamewahi kuwa tani 15, na yamewahi kufika 78.